Makontena ya plastiki na chakula cha moto: nani anayapima, na "hakina BPA" maana yake nini hasa?

Shani_J

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada, nimesoma mpaka kichwa kinauma na kila nikifungua ukurasa nakuta jibu lingine.

Nina kabati zima la vyombo vya plastiki. Vingine nilinunua kama vyombo, vingine ni makopo tu ya mtindi na aiskrimu, nikimaliza naosha naendelea kuyatumia mpaka yapasuke yenyewe. Chakula naweka kikiwa bado kinafuka mvuke, nafunika, kikipoa kinaingia friji, kesho yake napasha humohumo kwenye maikrowevu. Wifi yangu kaja kaona hiyo shughuli kashika kichwa, eti nawalisha watoto kansa. Mume wangu yeye anasema hizo ni stori za mtandaoni, ingekuwa sumu kweli serikali zingeshapiga marufuku zamani.

Mimi nipo katikati. Nimegeuza vyombo vyote nikaangalia chini, vingi vina kapembetatu kenye namba 5, kuna vyenye 1, kimoja kina 6, kimoja 7, na viwili vitatu havina kitu kabisa. Kimoja kimeandikwa kwa maringo kwamba hakina BPA (ile kemikali ya kutengenezea plastiki, bisfenoli A) na kingine kina kapicha ka glasi na uma. Hizo namba ndo zinaonyesha usalama au? Na kutokuwa na BPA ndo kunamaliza kesi? Alafu linalonisumbua kuliko yote, kuna mtu yeyote anavipima hivi vitu kabla havijatufikia au kila kiwanda kinajiandikia tu?

Kinyonga77

Tupa vyote dada, nunua vya kioo, kesi imefungwa. Wifi kashinda 😂

Mkemia_wa_Zamu

Dada Shani usitupe kwanza. Mimi niko maabara, tunapima vifungashio vya chakula, kwa hiyo ngoja nianze na swali lako la mwisho maana likieleweka mengine yanajijibu.

Vinapimwa, ndiyo. Cha kuuliza ni vinapimwa kwa matumizi gani. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya ambazo ndo sisi tunazitumia zaidi, unachukua kipande cha plastiki, hesabu zake zinaenda kwa desimita moja ya mraba yaani sentimita 10 kwa 10, unakitumbukiza kwenye kimiminika kinachoigiza chakula. Chakula cha mafuta kinaigizwa na mafuta ya mimea, chakula chenye uchachu kinaigizwa na asidi ya siki ya asilimia 3, cha majimaji alkoholi ya asilimia 10. Unakiacha kwenye joto fulani kwa muda fulani, kwa mfano siku 10 kwenye nyuzi 40 kwa vyombo vya kuhifadhia chakula muda mrefu bila kukipasha sana. Muda ukiisha unapima kilichohama kutoka kwenye plastiki. Jumla isizidi miligramu 10 kwa kila hiyo desimita moja, na juu ya hapo kuna kemikali mojamoja ambazo kila moja ina kikomo chake.

Kinachotutoa jasho ni kipimo cha mafuta. Kile kipande kinakunywa mafuta, ukikitoa ukakiweka kwenye mizani unakuta ni kizito kuliko kilivyoingia, sasa hapo utasema kimepoteza nini? Inabidi uyakamue hayo mafuta kwa kemikali nyingine, uyapime, uyatoe kwenye hesabu, ndo unajua plastiki yenyewe imepungua kiasi gani. Na wewe hilo umeshaliona jikoni kwako bila maabara: chombo kilichowekewa mchuzi wa nyanya wenye mafuta kinabaki chekundu hata usugue vipi. Ile rangi imeyeyuka kwenye mafuta na mafuta yameingia ndani ya plastiki yenyewe, hayako juujuu. Basi kama mafuta yanaingia, na vilivyomo ndani vinapata njia ya kutoka.

Sasa kopo lako la mtindi. Lilitengenezwa kwa kitu cha baridi, kikae humo wiki chache, mara moja, liishe. Hakuna aliyelipima kwa supu ya nyuzi 90 yenye mafuta juu, na hakuna aliyelipima kwa kupashwa kila siku kwa miaka. Kiwanda hakijakudanganya, wewe ndo umelipa kazi ambayo hawakuiombea kibali. Marekani nako ni hivohivo, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, wanagawa matumizi kwa herufi, A ni chakula kinachochemshwa juu ya nyuzi 100 ndani ya kifungashio, F ni cha friji, G ni cha kugandisha, H ni cha baridi kinachokuja kupashwa humohumo. Kitu cha F hakiwi H kwa sababu tu kimeoshwa vizuri.

Hizo namba ni za watu wa kurejeleza taka, zilianza Marekani 1988, zinakuambia plastiki ni ya aina gani basi. Ila ukishajua aina unaweza kukisia itavumilia nini. 5 ni polipropilini, inayeyuka karibu na nyuzi 160 kwa hiyo chakula cha moto inakimudu kuliko wenzake. 1 ni PET ya chupa za maji, hiyo inaanza kulegea nyuzi 70 na kitu tu, usiimiminie cha moto. 6 ni polistirini, yale maboksi meupe mepesi na vikombe vinavyovunjika kwa mlio, hiyo mimi sipashi kitu hata kwa bahati mbaya, mafuta ya moto yanaila mpaka unaona shimo, na stireni inayotengenezea hiyo plastiki shirika la utafiti wa saratani la WHO liliipandisha 2018 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. 7 maana yake "nyinginezo", inaweza kuwa chochote, ikiwemo polikabonati ambayo ndo ya BPA.

Ile glasi na uma ni alama ya Ulaya, inasema chombo kimetengenezwa ili kiguse chakula. Ina maana kubwa kuliko pembetatu. Lakini haisemi maikrowevu.

Baharia_Mstaafu

Naheshimu maelezo ya mkemia ila naomba tusitishane. Kila kitu ni kipimo. "Imehama" sio "imekudhuru", leo vyombo vya maabara vinaona kitu kidogo kiasi kwamba ukitafuta chochote popote utakipata.

Mfano hiyo BPA mnayoimba. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango cha kila siku kinachovumilika kutoka maikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili hadi nanogramu 0.2. Hiyo ni kushusha mara 20,000 kwa mkupuo! Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ikaangalia ushahidi uleule ikasema sisi tunaweka nanogramu 200, yaani mara elfu moja juu ya EFSA. Hao wote ni wanasayansi, wana maabara, wana pesa. Sasa mama wa nyumbani amsikilize nani?

Au ile ya 2024 ya vijiko na sahani za plastiki nyeusi. Utafiti ulitoka, dunia nzima ikatupa vijiko, baadae ikaonekana watafiti walizidisha vibaya, kikomo cha kemikali moja ya kuzuia moto kilikuwa nanogramu 420,000 kwa siku wao wakaandika 42,000. Wakarekebisha. Waliotupa vijiko wamerudishiwa?

Na kabla hamjaanza, ile stori ya mtandaoni kwamba chupa ya maji ikigandishwa kwenye friza inatoa dayoksini, kemikali ya sumu, ni uongo mtupu. Chupa hizo hazina dayoksini, na baridi inapunguza kemikali kuhama, haiongezi.

Tukumbuke pia kifungashio kina kazi. Nyama isiyofungwa na maziwa yasiyofungwa yanaua watu haraka kuliko plastiki yoyote.

Mkemia_wa_Zamu

Baharia, hayo ya dayoksini na vijiko vyeusi nakuunga mkono kabisa. Ingawa hata kwa vijiko, swali la msingi lilibaki palepale baada ya hesabu kurekebishwa: kemikali ya kuzuia moto inayowekwa kwenye maganda ya televisheni inafikaje kwenye kijiko? Inafika kwa urejelezaji wa ovyo wa plastiki za elektroniki. Ndo maana Ulaya ina kanuni yake ya 2022 ya plastiki iliyorejelezwa inayogusa chakula, huwezi kuchukua tu plastiki yoyote ukaisaga ukatengeneza sahani.

Kwenye BPA, ugomvi wa EFSA na BfR ni wa kweli. Ila hujamalizia stori, hata hao BfR waliokuja juu waliishia kwenye namba ndogo mara 20 kuliko ile ya zamani ya maikrogramu 4. Wanagombana ni chini kiasi gani, hakuna anayesema irudi ilikokuwa.

Na hapa namjibu shemeji aliyesema ingekuwa sumu wangeshapiga marufuku. Fuateni tarehe. Kanada walitangaza hatua dhidi ya BPA kwenye chupa za watoto 2008. Umoja wa Ulaya wakazipiga marufuku chupa hizo 2011. Ufaransa wakatangulia wenzao, kuanzia 2015 wakaizuia kwenye vifungashio vyote vya chakula. Ulaya nzima imekuja kuizuia kwa kanuni iliyopitishwa Desemba 2024, ikaanza Januari 2025, na bado viwanda vingi vikapewa miezi 18 ya kujipanga, vingine miaka 3. Watoto waliokuwa wananyonyea chupa zile wakati mjadala unaanza ni watu wazima sasa. Alafu Marekani ndo inachekesha zaidi, FDA waliondoa BPA kwenye chupa za watoto 2012 kwa sababu viwanda vyenyewe vilishaacha kuitumia na viliomba kanuni ifutwe, wala FDA hawakusema ni hatari. Thaleti nyingi, yaani kemikali za kulainisha plastiki, zilifutwa 2022 kwa njia hiyohiyo ya "hakuna anayezitumia tena", huku siku zilezile wakikataa maombi ya kuzipiga marufuku zilizobaki. Kwa hiyo kitu kuwepo dukani kunakuambia tu kwamba bado hawajamaliza kubishana.

Na lebo ya "hakina BPA" ndo hapo inaponikera. Viwanda vingi vilitoa BPA vikaweka BPS, binamu yake, molekuli zinafanana sana na yenyewe imeonekana kugusa homoni kwenye majaribio. Lebo ni ya kweli na mnunuzi katoka kapa. Tena unakuta imebandikwa kwenye kontena la namba 5, polipropilini ambayo haitengenezwi kwa BPA toka mwanzo!

Kuhusu kipimo, sawa, kipimo ndo kila kitu. Ila sheria inapima kemikali mojamoja, kila moja na kikomo chake, kana kwamba mtu anakula moja kwa siku. Kuna kemikali zaidi ya 14,000 zinazojulikana kwamba zinatumika au zinapatikana kwenye vitu vinavyogusa chakula, na uchambuzi wa 2024 ulikuta 3,601 kati ya hizo zimeshaonekana kwenye miili ya watu, kwenye damu, mkojo, maziwa ya mama. Sio zote ni za plastiki, na kuonekana sio kudhuru, nakubali. Lakini zikiwa pamoja zinafanya nini? Kipimo changu cha siku 10 hakijibu hilo, na kuna vitu vinavyotoka humo ambavyo hata mtengenezaji hajui ameviweka, ni mabaki ya mitambo na plastiki ikivunjikavunjika.

Zuhura_M

Samahani kuingilia, mnaniogopesha jamani. Mimi nina mtoto wa miezi mitatu anakunywa maziwa ya kopo. Chupa zake ni hizohizo namba 5 mnazosema zinavumilia. Maji nachemsha namimina kwenye chupa, naweka unga natikisa. Kuna mtu kaniambia niache kutumia maji ya moto kabisa nitumie ya uvuguvugu. Nifanyeje?

Muuguzi_Kombo

Zuhura hilo la kutumia maji ya uvuguvugu USILIFANYE mpaka tuelewane. Unga wa maziwa ya watoto hauna uhakika wa kuwa safi kwa asilimia mia, unaweza kuwa na bakteria, na WHO inasema maji yawe sio chini ya nyuzi 70 wakati wa kuchanganya ili kuwaua. Bakteria hao kwa mtoto mchanga ni hatari ya leo leo, sio ya miaka ishirini ijayo.

Ila na huyo aliyekuambia hajatunga. Kuna utafiti wa Trinity College ya Dublin wa 2020, walitengeneza maziwa kwenye chupa za polipropilini kama mama anavyofanya nyumbani wakakuta vipande vya plastiki visivyoonekana kwa macho, kwenye baadhi ya chupa mpaka milioni 16 kwa lita, na maji yakizidi moto vinazidi. Vinamfanya nini mtoto bado haijathibitishwa. Lakini njia ya kuviepuka ni rahisi, kwa hiyo mbona tusiifuate tu.

Changanya kwenye jagi la kioo au la chuma cha pua, maji ya moto humo, unga humo, koroga humo. Yaache yapoe mpaka joto la kunywa alafu ndo umimine kwenye chupa. Chupa ukishaichemsha kuua vijidudu, iache ipoe, isuuze na maji yaliyochemshwa yakapoa ambayo hayakuchemshiwa kwenye birika la plastiki. Usipashe maziwa kwenye maikrowevu ndani ya chupa, kwanza hata bila habari ya plastiki yanapata moto vibaya, pembeni yako sawa katikati yanaunguza mdomo wa mtoto. Au tafuta chupa za kioo ukiziweza, ni nzito na zinavunjika lakini zipo.

Zuhura_M

Ahsante sana muuguzi, jagi la kioo ninalo. Naanza na chupa ya jioni hii.

Baharia_Mstaafu

Hii ya jagi sina ubishi nayo, haina gharama na haimtishi mtu.

Ila ya vipande, kuna ile nyingine inazunguka ya 2024 kwamba plastiki imekutwa kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa na waliokutwa nayo walipata kiharusi, mshtuko wa moyo au kufa zaidi ya mara 4 kuliko wenzao. Watu wanasema "plastiki inaleta mshtuko wa moyo". Utafiti wenyewe haukusema hivo, ulisema vimeonekana pamoja. Huenda wenye plastiki nyingi ni watu wanaoishi tofauti kwa mambo mengine kumi.

Mkemia_wa_Zamu

Sahihi, na watafiti wenyewe waliandika hivohivo. Kwangu mimi inatosha kunifanya nisipashe kwenye plastiki, haitoshi kunifanya nikose usingizi.

Shani_J

Nimewasoma wote, ahsanteni. Kwa hiyo nimeamua hivi, makopo ya mtindi yanabaki kwa vitu vikavu tu, ile namba 6 inaondoka, za namba 5 zilizonunuliwa kama vyombo zinabaki kwa friji na chakula kinapoa kwanza kwenye sufuria, kupasha ni kwenye bakuli la kauri. Maswali mawili ya mwisho mkemia usinichoke. Nikipasha nafunika na kile kifuniko cha plastiki au karatasi ya nailoni inayonata, ni sawa? Na hiyo namba 7 nitajuaje kama ndo polikabonati?

Mkemia_wa_Zamu

Kifuniko kisiguse chakula na uache kanafasi mvuke utoke, basi. Tatizo la vifuniko ni kwamba mara nyingi sio plastiki moja na chombo chake, chombo ni 5 kifuniko ni 4 ambayo ni laini zaidi, na mafuta yanaporuka yanagonga hapo hapo. Ile nailoni inayonata kuna ya polithini na kuna ya PVC, ya PVC ndo yenye vilainishi vingi na vilainishi vinapenda mafuta, kwa hiyo jibini au nyama yenye mafuta usiizungushie hiyo hata ikiwa ya baridi. Sahani iliyogeuzwa juu inafunika vizuri kuliko vyote hivyo.

Alama ya maikrowevu chini ya chombo, kwa kuwa najua utaiuliza, mara nyingi inamaanisha chombo hakitapinda wala kuyeyuka. Bora iwepo kuliko isiwepo.

Polikabonati ni ngumu, angavu kama kioo, ukiigonga kwa kucha inalia kavu, haibonyei. Wakati mwingine wameandika PC karibu na pembetatu. Kama yako iko hivo, ni ya zamani na imeanza kufifia au ina mikwaruzo mingi ndani, hiyo iondoe, plastiki ikizeeka inaachia zaidi. Na hii ya mikwaruzo ni kwa vyombo vyote, pamoja na hizo namba 5 zako, ukiona ndani pameparara na pananata hata baada ya kuosha kwa maji ya moto, muda wake umeisha.

Kinyonga77

Sasa mbona mimi niliyesema vya kioo tokea mwanzo hamnipi maua yangu? Kioo au bati, hakuna plastiki, hakuna kesi.

Mkemia_wa_Zamu

Kinyonga, kopo la bati ndani limepakwa utando, na kwa miaka mingi utando huo ulikuwa wa epoksi inayotengenezwa kwa BPA, ndo maana ile kanuni mpya ya Ulaya imegusa makopo kuliko hata makontena. Kikombe cha karatasi nacho ndani kina ngozi ya polithini, na karatasi za kufungia vyakula vya mafuta nyingi ziliwekwa PFAS, kemikali zinazozuia maji na mafuta, ili zisilowe, Marekani FDA walitangaza Februari 2024 kwamba haziuzwi tena kwa kazi hiyo, Ulaya kikomo chao kinaanza kubana tarehe 12 Agosti 2026. Kioo chenyewe nakupa, maua yako haya 💐. Ila chupa za kioo za vyakula vya mafuta geuza kifuniko uangalie ule mpira wa duara kwa ndani, mwingi ni PVC iliyolainishwa, ukiilaza chupa kabatini mafuta yanakaa yanaugusa muda wote. Isimamishe.